Usiitupe risiti ya petroli, huenda ikakuokoa

Na MWANDISHI WETU

MWALIMU mmoja wa shule ya upili anayeishi mtaani Umoja, Nairobi, hatasahau safari aliyoianza alfajiri moja kwenda Nyeri kumzika shangazi yake. Aliwapakia jamaa zake wanne katika gari lake la dizeli, akaingia barabara kuu ya Thika, na kwa kuwa mshale wa mafuta ulikuwa karibu kugusa chini, akasimama katika kituo cha kwanza alichokiona kimewasha taa.

“Ya elfu nne,” alimwambia mhudumu, akaendelea kuongea na simu na wale waliokuwa wametangulia kufika. Hakushuka garini. Mafuta yalipokwisha kutiwa, alilipa kwa simu hiyo hiyo na kuwasha injini.

“Nikuletee risiti, mzee?” aliuliza mhudumu.

“Achana nayo, kijana. Tumechelewa.”

Hawakufika mbali. Gari lilianza kukosa nguvu, kisha injini ikaanza kugonga kama inayopigwa kwa nyundo, moshi ukatanda nyuma, na mwishowe likazimika kabisa. Jamaa zake walisimamisha matatu wakaendelea na safari. Yeye alibaki kando ya barabara akisubiri gari la kumkokota. Shangazi yake alizikwa bila yeye kuwepo.

Katika gereji, fundi alifungua tangi, akachota mafuta kidogo kwenye kopo na kumsogezea.

“Hebu nusa, mzee. Hii si dizeli. Hii ni petroli.”

Mwalimu alirudi kwenye kile kituo akiwa amefura kwa hasira. Msimamizi alimsikiliza kwa upole, kisha akamwomba risiti. Hakuwa nayo. Alimwonyesha ujumbe wa simu wa kuthibitisha malipo.

“Ni kweli ulilipa hapa, mzee,” alisema msimamizi. “Lakini ujumbe huu hausemi ulinunua nini. Mhudumu anasema alikutilia dizeli. Nitajuaje kwamba hukuongeza mafuta mengine mahali pengine?”

Swali hilo halikuwa na jibu. Pampu ya dizeli na nozeli zilikuwa zimeharibika, na pesa za kuzitengeneza zilitoka kwenye akiba aliyokuwa ameweka kwa karo ya bintiye ya muhula uliofuata.

Msomaji, ni mara ngapi wewe mwenyewe umesema “achana nayo”? Tazama chini katika kituo chochote cha petroli jijini, utaona risiti zimetapakaa kama majani ya mjakaranda. Wengine huzichukua kwa adabu tu, wakaenda kuzikunja na kuzitupa dirishani kabla ya kufika mzunguko wa kwanza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba nyingi za mjini zenye gari, mafuta ni mojawapo ya mali zinazopotea kwa njia hiyo kila wiki.

UJUMBE WA SIMU HAUTOSHI

Siku hizi watu wengi hulipia mafuta kwa simu au kwa kadi ya benki, na wengi wao hudhani kwamba ule ujumbe unaoingia ndio risiti yenyewe. Sivyo. Ujumbe huo ni ushahidi wa kwamba pesa zimetoka mfukoni mwako na kuingia kwa fulani, saa fulani. Hautaji kama ulinunua petroli, dizeli, mafuta taa au mkebe wa oili. Hautaji lita wala bei ya kila lita.

Risiti kamili ya mafuta huwa na mambo zaidi. Hutaja jina la kituo na mahali kilipo, tarehe na saa, aina ya mafuta, idadi ya lita, bei ya kila lita na jumla ya pesa. Mara nyingi huonyesha pia nambari ya pampu na jina au nambari ya mhudumu aliyekuhudumia. Ukiomba, wanaweza kuandika pia nambari ya usajili wa gari lako.

Mambo hayo yote kwa pamoja ndiyo yanayoifanya karatasi hiyo ndogo kuwa shahidi. Kituo kikikana, risiti haikani. Mhudumu akibadilishwa zamu au akihamishwa, risiti haihami.

Tena usiombe risiti kana kwamba unaomba hisani. Sheria ya kodi humtaka mwenye biashara atoe ankara ya mauzo yake, na risiti haina malipo ya ziada. Ukiambiwa kwamba mashine imeharibika au karatasi zimekwisha, omba uandikiwe kwa mkono na kupigiwa muhuri.

SOMA KABLA HUJAWASHA GARI

Hapa ndipo wengi hukosea, hata wale wanaochukua risiti. Huitia mfukoni bila kuitazama. Wakati wa kuisoma ni pale pale, kabla ya kuwasha injini.

Mama mmoja mfanyabiashara anayesomba mboga kutoka Marikiti kwa pikapu ya dizeli aliokolewa na tabia hii. Alipopewa risiti aliisoma, akakuta imeandikwa “Super.”

“Kijana, mbona hapa pameandikwa super? Gari langu ni la dizeli,” alimuuliza mhudumu.

“Pole, mama,” kijana alijibu huku akimeza mate. “Sikuona vizuri.”

Mama hakugusa ufunguo. Alimwita msimamizi, gari likasukumwa kando, na kwa kuwa risiti ilionyesha saa na nambari ya pampu, haikuwa kazi kutafuta picha za kamera ya kituo. Zilionyesha mhudumu akiutia mpira wa petroli kwenye tangi ambalo kifuniko chake kimeandikwa wazi kwamba ni la dizeli. Kituo kiligharamia kuyaondoa mafuta yale, kusafisha tangi na kutia dizeli. Mama alichelewa saa chache, lakini injini yake ilikuwa salama.

Mafundi wataeleza kwa nini hatua hiyo ilikuwa muhimu. Dizeli ina ulainisho wake wa asili, na pampu na nozeli za injini ya dizeli huutegemea. Petroli haina ulainisho huo; badala yake huuosha, vyuma vikaanza kusuguana vikiwa vikavu. Maadamu injini haijawashwa, petroli hubaki ndani ya tangi na kazi ni kuitoa tu. Ikiwashwa, petroli huvutwa hadi kwenye pampu na nozeli, na gharama hupanda kwa kila kilomita unayokwenda. Dizeli ikitiwa katika gari la petroli pia huleta matatizo, kwani gari hutoa moshi na kukataa kuwaka vizuri, lakini kwa kawaida madhara yake si makubwa kama yale ya petroli ndani ya injini ya dizeli.

Kwa hivyo ukiona risiti imetaja mafuta yasiyo ya gari lako, usiwashe, na usikubali kudanganywa kwamba yatachanganyika tu yaishe.

BEI NA KIPIMO

Jambo la pili la kutazama ni bei. Watu wazima watakumbuka kwamba serikali iliacha kupanga bei ya mafuta mnamo Oktoba 1994, kila kampuni ikawa na bei yake. Mambo yalibadilika tena Desemba 2010, bei za juu kabisa zilipoanza kutangazwa kila mwezi. Kazi hiyo sasa hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ambayo ilichukua mahali pa tume ya awali, ERC, mwaka wa 2019. Bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya mwezi na huanza kutumika tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata.

Bei hiyo ndiyo kikomo. Kituo kinaweza kuuza chini yake, lakini si juu yake. Kila mji una bei yake kulingana na gharama za kusafirisha. Mombasa, mahali meli zinaposhushia mafuta, bei huwa chini kuliko ya Nairobi, na miji ya mbali kama Mandera hulipa zaidi. Kwa hivyo usishangae risiti za safari moja zikitofautiana. La kushangaza ni risiti inayoonyesha bei inayozidi ile iliyotangazwa kwa mji huo. Hiyo ni hatia, na huwezi kuithibitisha bila karatasi yenyewe.

Jambo la tatu ni hesabu. Mnamo Septemba 2023, petroli ilipovuka Sh200 kwa mara ya kwanza, bei ya Nairobi ilikuwa Sh211.64 kwa lita. Aliyenunua ya Sh2,000 wakati huo alistahili kupata lita 9.45. Hesabu hiyo ni rahisi: gawanya pesa ulizotoa kwa bei ya lita moja. Jibu lilingane na lita zilizo kwenye risiti. Lisipolingana, uliza kabla hujaondoka.

Kuna ujanja mwingine wa zamani. Mhudumu huanza kutia mafuta bila kurudisha mashine kwenye sufuri, na wewe unalipia sehemu ya mafuta ya mteja aliyekutangulia. Njia ya kujikinga ni kushuka garini na kuhakikisha kwamba mashine imeanzia sufuri. Hata hivyo, risiti nayo husaidia. Tuseme tangi lako hubeba lita 45 na mshale ulikuwa kwenye robo. Nafasi iliyobaki ni lita 34 hivi. Tangi huweza kupokea lita chache zaidi kwa sababu ya nafasi iliyo kwenye shingo yake, lakini risiti ikisema umetiliwa lita 42, una haki ya kuuliza hizo nyingine zimeingia wapi.

Pampu zenyewe hukaguliwa na maafisa wa Vipimo na Mizani, ambao huzipima kwa chombo maalum na kuzitia lakiri. Ukishuku kwamba pampu fulani inapunja, wao ndio wa kuwaendea. Risiti yenye nambari ya pampu huwaambia ni ipi ya kuanza nayo, badala ya kukisia kati ya pampu nane.

MAFUTA YALIYOCHANGANYWA

Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa ya bei nafuu kuliko dizeli na petroli, kwa kuwa maskini ndio waliyatumia kwa taa na stovu. Unafuu huo uliwavutia wafanyabiashara wasio waaminifu, ambao waliyachanganya na dizeli au petroli ili kuongeza faida. Mnamo Septemba 2018 serikali ilianza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuiondoa faida hiyo. Aliyeumia ni mama wa nyumbani anayepikia stovu.

Mafuta taa yakichanganywa na petroli, injini hugonga na kukosa nguvu. Yakichanganywa na dizeli, hupunguza ule ulainisho tuliouzungumzia. EPRA huwa na wakaguzi wanaozunguka vituoni kupima mafuta. Mafuta taa ya kutumika nchini na mafuta yanayopitia hapa kwenda nchi jirani hutiwa alama ya kemikali isiyoonekana kwa macho. Alama hiyo ikipatikana ndani ya petroli au dizeli inayouzwa hapa, wakaguzi hujua kwamba imechanganywa, au kwamba mafuta yaliyokusudiwa nchi nyingine yamegeuzwa njia. Kituo kinachopatikana na makosa huweza kufungwa, na jina lake kutangazwa.

Lakini wakaguzi hawawezi kuwa kila mahali kila siku. Malalamiko ya wateja ndiyo huwaonyesha pa kutazama. Sasa fikiria tofauti kati ya malalamiko mawili. La kwanza linasema, “Nadhani nilitiliwa mafuta mabaya wiki jana, sikumbuki vizuri ni kituo gani.” La pili linasema, “Nilinunua lita 20 za petroli katika kituo hiki, tarehe hii, saa hii, kutoka pampu nambari tatu, na hii hapa risiti, na hii hapa barua ya fundi.” Lipi litashughulikiwa kwanza?

Isitoshe, mtu anayenunua mafuta katika vituo vitatu tofauti kwa wiki anaweza kugundua kwa kutumia risiti ni baada ya kununua wapi gari lilipoanza kusumbua. Asiye nazo hulaumu kituo kisicho na hatia.

UKITAKA KULIPWA HASARA

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari za kutosha, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa. Mwaka wa 2012 ilipitishwa pia Sheria ya Kuwalinda Wateja.

Zamani haki kama hizi zilikuwa za matajiri, kwa kuwa mwananchi wa kawaida hakuwa na pesa za wakili. Sasa kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, Aprili 2021, na kufunguliwa katika miji mingine baadaye. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, zikiwemo kesi za mauziano ya bidhaa na uharibifu wa mali. Mtu anaweza kujiwakilisha mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe katika siku 60.

Mahakama hiyo haishikilii sana taratibu ngumu za ushahidi, lakini ushahidi wa aina fulani lazima uwepo. Mwalimu wetu wa Umoja alifikiria kwenda huko. Alishauriwa na rafiki yake mwanasheria kwamba bila kitu cha kuonyesha aina ya mafuta aliyouziwa, lingebaki neno lake dhidi ya neno la mhudumu. Alikata tamaa.

DAFTARI LA AFYA YA GARI

Tuseme basi hujawahi kudanganywa na kituo chochote. Je, risiti zina faida gani kwako?

Zina faida kubwa, kwani ndizo huonyesha gari lako linakula kiasi gani. Jaza tangi hadi juu na uandike nyuma ya risiti nambari iliyo kwenye mita ya kilomita. Tumia gari kama kawaida. Ukirudi kujaza, jaza tena hadi juu na uandike nambari mpya. Lita zilizo kwenye risiti hii ya pili ndizo ulizotumia kwa kilomita ulizosafiri.

Chukua mfano. Mara ya kwanza mita ilisoma 84,210, na mara ya pili 84,622. Umekwenda kilomita 412. Risiti ya pili inasema lita 34.3. Gawanya 412 kwa 34.3, utapata kilomita 12 kwa kila lita. Wiki nyingine unakwenda kilomita 396 na risiti inasema lita 44. Sasa ni kilomita tisa kwa lita. Kwa mwendo wa kwanza ungetumia lita 33 pekee. Lita 11 zimekwenda wapi?

Huenda msongamano wa Jogoo Road ulikuwa mbaya wiki hiyo. Lakini ikiwa hali ni hiyo hiyo wiki ya tatu, kuna jambo. Pengine magurudumu hayana upepo wa kutosha. Pengine filta ya hewa imeziba vumbi, plagi zimechoka, breki zinashika bila kukanyagwa, au kuna mahali mafuta yanavuja, jambo ambalo ni hatari ya moto. Pengine pia kuna mtu anayeyanyonya kwa mpira usiku gari likiwa limeegeshwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hesabu hii ndiyo hukuonyesha ufa ukiwa bado mdogo.

Kazi hii si lazima ifanywe na baba peke yake. Mtoto aliye darasa la sita anaweza kuwekewa daftari lenye safu tano: tarehe, kilomita, lita, bei na jumla. Atajifunza kugawanya kwa desimali akitumia kitu anachokijua, na mwisho wa mwezi ataweza kuisomea familia ni pesa ngapi zimechomwa barabarani. Nyumba nyingi zitashtuka. Mtu husema mafuta yake ni “ya elfu moja moja tu,” kumbe hizo elfu moja moja zikijumlishwa zinapita kodi ya nyumba.

DEREVA NA TAJIRI WAKE

Kuna watu ambao kwao risiti ni suala la kazi. Dereva aliyeajiriwa hupewa pesa za mafuta asubuhi, na jioni huulizwa alizitumiaje. Akiwa na risiti yenye nambari ya gari, tarehe na saa, hana wasiwasi. Asipokuwa nayo, siku moja mafuta yatakapopungua atashukiwa kuwa mwizi, hata kama alikaa saa tatu katika foleni ya Mombasa Road.

Ni kweli pia kwamba wako madereva wanaoshirikiana na wahudumu kuandikiwa zaidi ya walichonunua, au kupewa risiti tupu wazijaze wenyewe. Tajiri mwerevu halinganishi risiti na pesa pekee. Huzilinganisha na kilomita, kwa hesabu tuliyoonyesha. Gari haliwezi kula lita 60 likaenda kilomita 200 kila siku, na risiti ya kupikwa hujulikana hapo. Kwa hivyo kijana uliyeajiriwa, usikubali kuandikiwa uongo kwa ajili ya Sh200. Karatasi unayoitegemea kukuficha ndiyo itakayokufukuzisha.

Kwa mwenye matatu, dereva wa teksi anayeitwa kwa simu, au kijana wa bodaboda, risiti ndizo humwonyesha faida yake halisi. Wengi huhesabu pesa zilizoingia jioni na kufurahi, bila kutoa mafuta ya siku nzima.

Kuna pia suala la kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato humruhusu mfanyabiashara kuondoa gharama zilizotumika kikamilifu kutafuta mapato hayo, mafuta yakiwemo. Lakini tangu Januari 1, 2024, kwa jumla gharama hukubaliwa tu ikiwa ina ankara ya kielektroniki ya mtambo wa eTIMS wa Mamlaka ya Mapato, KRA. Kwa hivyo mwenye biashara ataje nambari yake ya PIN anaponunua. Rekodi hizo zinapaswa kuwekwa kwa miaka mitano. Tahadhari ni kwamba anayelipa ile kodi inayotozwa mauzo yote hapunguziwi gharama, na mfanyakazi anayeendesha gari lake kwenda kazini na kurudi nyumbani hawezi kuidai safari hiyo kama gharama ya biashara.

NAMNA YA KUZIHIFADHI

Risiti nyingi za siku hizi huchapishwa kwa joto kwenye karatasi maalum, si kwa wino. Uzuri wake ni kwamba hutoka haraka. Ubaya wake ni kwamba hufifia. Ukiiacha kwenye dashibodi juani, itageuka nyeusi au maandishi yatapotea, na baada ya miezi michache utakuwa na karatasi tupu mkononi.

Fanya hivi. Ukishaisoma na kuridhika, andika kilomita nyuma yake kwa kalamu. Ipige picha kwa simu siku hiyo hiyo. Iweke ndani ya bahasha ya karatasi, moja kwa kila mwezi, na bahasha ikae nyumbani mahali pakavu pasipo na jua. Ya muhimu sana, kwa mfano ile ya kituo unachogombana nacho, itolee nakala.

Mwenye gari la kawaida anaweza kuzitupa za mwaka jana baada ya kuziandika zote katika daftari. Mwenye biashara asizitupe kabla ya ile miaka mitano kwisha.

Mwalimu wa Umoja bado ana gari lake, na bintiye alirudi shuleni wiki mbili baada ya wenzake, karo ilipopatikana. Siku hizi akisimama kununua mafuta hushuka, huweka simu mfukoni, husema “dizeli” kwa sauti, na hutazama mashine ikianzia sufuri. Kisha husimama pale pale akingoja karatasi yake. Wenye haraka nyuma yake hupiga honi. Yeye huisoma mstari kwa mstari hadi mwisho, ndipo anapoingia garini na kuwasha.